Pete Zilizobaki Kwenye Uzi

Machi 3

Dada mpendwa,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na goti la Baba linaendeleaje? Huku mimi mzima, ila kazi imenibana kila upande. Kamati ya mipango imetangaza siku: tarehe ishirini na sita Aprili itakaa kusikiliza habari ya mabwawa. Kampuni itaeleza kwa nini inataka kuyafukia ijenge maghala, na chama chetu cha mazingira kitaeleza kwa nini yaachwe. Mkuu wangu amenikabidhi ripoti nzima. Mimi, mwenye miezi minane tu ofisini! Wenzangu wananitazama kwa jicho la pembeni.

Silaha yetu ni moja, nayo ni madaftari ya Baba. Miaka arobaini ya kunasa ndege, kuwavisha pete za namba mguuni, kuwapima na kuwaachia, mahali pamoja, tena kazi ya fundi wa pampu aliyekuwa akifanya hivyo siku zake za mapumziko. Hakuna mwingine mwenye kitu kama hicho. Madaftari ya zamani ninayo. Ninachokosa ni ya miaka hii miwili ya mwisho, na ndiyo muhimu kuliko yote, maana Baba aliniambia kwenye simu kwamba kucha wa matete wameongezeka kuliko wakati wowote. Kindege kile cha kahawia ambacho kwingine kote kinapotea, kwetu kinazidi! Nikiliweka hilo mezani, kampuni watafunga mikoba yao waende nyumbani.

Nimekuomba mara tatu. Mara ya kwanza ulisema unayanakili, mara ya pili ulisema yamelowa, mara ya tatu hukupokea simu. Najua kwenye duka lako la miwani kuna foleni ya watu wasioona, lakini na mimi sioni mbele bila hayo madaftari. Nihurumie.

Mdogo wako

*

Machi 9

Kitinda mimba wetu,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga Baba anasogeza kiti, anataka kuongea na wewe, na mwisho mimi sipati hata neno moja.

Sote wazima. Jumamosi tulikuwa mabwawani kama kawaida: mimi, Baba, na yule nesi mstaafu anayeandika kila kinachotambaa, kinachoruka na kinacholia. Kabla hata hatujamaliza kusimamisha nyavu za kunasia ndege alikuwa ameshaandika aina nne za vyura kwa masikio tu, gizani, na kikombe cha chai mkononi. Tulikuwa na nyavu nne. Ndege kumi na tisa, kati yao kucha wa matete watatu. Jua likatoka kali tukafunga mapema.

Kuhusu madaftari, nipe muda. Na hilo wazo ulilomwambia Baba kwenye simu, la kumwita atoe ushahidi mbele ya kamati, liache. Goti lake halitaki safari ya saa sita kwenye basi. Andika ripoti kwa yale ya zamani. Yanatosha, mdogo wangu. Nakuomba yatoshe.

Dada yako

*

Machi 12

Mwanangu,

Nasikia unalilia madaftari. Haya, yasikutoe roho. Nimeyafunga kwa karatasi ya kaki na kamba, nimeyapeleka posta mwenyewe kwa miguu yangu, na goti halikusema kitu. Yamo yote mpaka Jumamosi iliyopita.

Dada yako siku hizi ananificha vitu utadhani mimi ndiye mtoto. Leseni yangu ya kuvisha pete ameifungia kwenye droo yake. Kopo la pete kalipeleka dukani kwake. Nikimuuliza anasema, "Baba, naweka mahali salama." Salama na nani? Na mimi?

Utaona Jumamosi ilikuwa asubuhi ya aina yake. Ndege arobaini na wawili, na ishirini na saba kati yao ni kucha wa matete. Sijapata kuona hivyo tangu ulipokuwa unabebwa. Mmoja alikuwa na gramu kumi na mbili na nusu, amenona kama mtu aliyetoka harusini, na moyo wake nilikuwa nausikia kwenye kidole gumba. Watu wanasema mabwawa yamekufa. Waambie waje wanishike mkono wasikie.

Niambie siku ya kamati nipige suti pasi.

Baba yako

*

Machi 19

Dada,

Madaftari nimeyapata, na si kutoka kwako.

Baba anasema arobaini na wawili. Wewe umeniandikia kumi na tisa. Asubuhi ileile, mabwawa yaleyale. Mmoja wenu hasemi kweli, na mmoja wenu ana daftari lenye namba ya pete, urefu wa bawa na uzito wa kila ndege. Mwingine ana mwezi mzima anapiga chenga.

Nimejiuliza sana kwa nini. Halafu nikakumbuka mwaka jana shemeji alisema kampuni itahitaji madereva wa malori maghala yakishajengwa. Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki. Kama ni hilo, niambie usoni, usimnyang'anye mzee leseni yake na kopo lake la pete ili kazi yake ya maisha ionekane si kitu.

Nimeumia kuandika haya, lakini ningeumia zaidi kuyameza.

Mdogo wako

*

Machi 25

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Shemeji yako alipewa fomu ya udereva mwezi wa kwanza akairudisha tupu. Sikukuambia kwa sababu haikukuhusu. Hilo tumelimaliza.

Sasa nikuambie ya Jumamosi ile.

Unajua sheria ya nyavu: kila nusu saa mtu anapita. Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma saa. Wavu wa nne, ule wa nyuma ya nyumba ya pampu, ulikuwa wake. Nikamuuliza, "Baba, wa nne?" Akasema, "Nimetoka huko sasa hivi, hauna kitu." Nikaamini. Dakika arobaini baadaye nikamuuliza tena, akanijibu vilevile, na nikaamini tena kwa sababu nilitaka kuamini. Saa tatu na robo nesi alikwenda nyuma kufuata kipepeo akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Walikuwa saba, wote wamekufa. Jua lilikuwa linawapiga tangu saa moja. Wawili walikuwa bado laini. Niliwatoa mmoja mmoja, nikawafunga kwenye kanga, nikamwambia nesi asiseme.

Nikarudi mezani. Baba alikuwa anaandika. Kwenye misumari tunapotundika mifuko ya ndege wanaongoja kuvishwa, hapakuwa na mfuko hata mmoja wenye ndege. Nikamuuliza, "Unaandika nini, Baba?"

"Hawa wa mzunguko wa mwisho."

"Wako wapi?"

"Si nimeshawaachia."

Akaandika mwingine mbele yangu. Namba ya pete, bawa, uzito, mafuta kifuani. Hakusita hata kidogo. Pete huwa tunazitunga kwenye uzi kwa mfuatano, unajua. Nikazihesabu: zilikuwa zimetoka kumi na tisa. Zile nyingine ishirini na tatu alizoziandika zilikuwa zimebaki kwenye uzi, zinang'aa.

Mwaka jana, mwanzoni, nilidhani ni macho. Nimempima mara mbili dukani kwangu, anasoma mpaka mstari wa mwisho, ule ambao vijana wanashindwa. Mwezi wa nane mwaka huohuo nikampeleka kwa daktari. Si macho, ni akili inayoanza kupotea. Daktari alieleza kwa upole, akasema itakwenda taratibu. Nimekaa na neno hilo kifuani tangu wakati huo kwa sababu kila ukipiga simu unacheka naye, na sikutaka uache kucheka.

Nimelinganisha kopo na nakala niliyoifanya ya madaftari ya miaka miwili. Kucha wa matete walioandikwa ni mia tisa na nne. Pete zilizotoka ni mia tatu themanini na nane. Namba nyingine zimeandikwa mara tatu, kila mara kwa ndege tofauti. Hawajaongezeka, mdogo wangu. Wanapungua kama kwingine kote.

Kila Jumamosi jioni naandika hesabu ya kweli kwenye daftari langu, na lake namwachia. Kosa langu ni kumwachia. Itoe hiyo miaka miwili kwenye ripoti, na usimsimamishe mbele za watu.

Dada yako

*

Aprili 1

Dada,

Nisamehe kwa habari ya shemeji. Na unisamehe tena kwa ninayokuambia sasa.

Ripoti ilikwenda kwa kamati tarehe ishirini na moja. Barua yako ilinikuta nimeshaituma. Kurasa kumi na mbili za kucha wa matete, na mchoro unaopanda kama ngazi. Mkuu aliusoma mbele ya ofisi nzima akanipigia makofi. Jina la Baba limo kwenye ukurasa wa kwanza, na yuko kwenye orodha ya mashahidi.

Nimelala na jambo hili siku nne. Nani atahesabu pete kwenye kopo? Ni mimi na wewe tu tunaojua, na nesi kidogo. Mabwawa ni ya kweli. Ndege ni wa kweli, hata kama ni wachache. Miaka thelathini na minane ni ya kweli kabisa. Maghala yakishajengwa hata hao wachache hawatakuwepo. Baba ataulizwa maswali mawili: je, madaftari ni yako? Je, uliyaandika mwenyewe? Atajibu ndiyo, na atakuwa hajasema uongo.

Nipe siku hii moja tu, Dada. Baada ya hapo tutamtunza pamoja, nakuapia.

Mdogo wako

*

Aprili 7

Hapana.

Unasema hatasema uongo. Uongo utausema wewe, kwa mdomo wake. Mwanasheria wa kampuni akimuuliza swali la tatu je? Akimuuliza leo ni siku gani?

Andikia kamati uitoe miaka miwili. Sema ulikosea, sema mwandiko haukusomeka, sema unachotaka. Baba hajui lolote na hatajua. Barua zako nazisoma dukani, mlango ukiwa umefungwa.

Dada

*

Aprili 12

Mwanangu,

Dada yako aliacha mkoba wake mezani akakimbilia mteja, bahasha ikachomoza na mwandiko wako. Nikadhani ni yangu. Nimeisoma. Usimlaumu.

Nilimwambia alete kopo. Alikataa, nikamwambia, "Mimi bado ni baba yako, leta." Tukakaa sakafuni. Mimi nilishika uzi nikawa nasoma namba za pete, yeye akawa anatafuta kwenye nakala aliyoifanya ya madaftari yangu. Kila namba niliyoisoma, ikiwa bado iko mkononi mwangu, kwenye daftari ilikuwa imesharuka na ndege. Tulipofika ya thelathini nikamwambia basi.

Sikudanganya. Naomba uniamini kwa hilo hata kama huwezi kuniamini kwa mengine. Nilipokuwa naandika nilikuwa nao mkononi. Nilikuwa napuliza manyoya ya kifua kutazama mafuta. Nilisikia wanavyochoma kidole. Hata sasa ukiniuliza kuhusu yule wa gramu kumi na mbili na nusu, nitakuambia alikuwa anatazama upande gani. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kusahau si kitu, kila mzee anasahau. Lakini mimi nakumbuka visivyokuwepo.

Na wale saba wa wavu wa nne, dada yako ameniambia alipoona nimeshajua mengine. Hao sikuwaona, na hao ndio sitoki nao kichwani.

Nimeiandikia kamati. Dada yako amesahihisha tahajia tu, maneno ni yangu. Nimewaambia miaka miwili ya mwisho isihesabiwe, na kwa nini. Leseni nimeiweka kwenye bahasha hiyohiyo. Nimeposti zote mbili leo, yao na yako, kwa mkono mmoja, ili usipate nafasi ya kunizuia. Nakujua.

Najua nimekuharibia. Ungeniuliza kwanza, mwanangu. Ungeniuliza mimi.

Baba yako

*

Aprili 28

Dada,

Kamati imekaa. Nitakueleza yote, kwa sababu nisipoyasema kwako sitayasema popote.

Mwenyekiti ni mama mmoja mpole, anaongea taratibu. Kabla ya kuanza alisema amepokea barua kutoka kwa shahidi. Akaisoma yote kwa sauti. Mimi nilikuwa na nakala yangu ya ripoti mapajani, nikawa nakunja pembe ya ukurasa, nakunjua, nakunja. Alipofika pale Baba anaposema "akili yangu imeanza kuniandikia yenyewe", kuna mtu nyuma yangu alishusha pumzi.

Mwanasheria wa kampuni hakuwa na haraka. Alisema anampa pole mzee. Halafu akasema, kama miaka miwili si ya kweli, nani atatuhakikishia ile mingine? Akaomba madaftari yote yatupwe nje, yote arobaini. Nilitamani kusimama nimwambie kwamba Baba alishawahi kurudi mabwawani kwenye mvua kwa sababu ya tarakimu moja aliyokuwa na wasiwasi nayo. Sikusimama.

Mwenyekiti akanigeukia. "Ripoti ni yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hali hii ya baba yako, wewe uliijua lini?"

Dada, nilikuwa na barua yako ya tarehe ishirini na tano kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa naisikia kifuani inavyokwaruza.

Nikasema, "Leo, mheshimiwa. Nimejua leo, ulipoisoma."

Akaandika. Mkuu wangu akanishika bega. Nje alinipeleka kando akaniambia, "Pole sana, kijana. Mzee amekuangusha." Nikamjibu asante. Nilimwambia asante, Dada.

Uamuzi: mabwawa mawili madogo kampuni imepewa. Bwawa kubwa limeahirishwa mwaka mmoja, wahesabuji wengine walete hesabu mpya. Na mkuu ameamua msimamizi wa hesabu hiyo niwe mimi, kwa sababu ya "uvumilivu nilioonyesha."

Ukimsomea Baba, msomee unachoona kinafaa.

Mdogo wako

*

Mei 5

Mdogo wangu,

Nilimsomea. Alikuwa kibarazani, ni moja ya zile siku zake nzuri. Nilimsomea habari ya mwenyekiti, ya mwanasheria, ya mabwawa mawili. Kwa mabwawa alitikisa kichwa tu akasema, "Dogo la kushoto lilikuwa na mdiria." Halafu nikaruka nikaenda kwenye uamuzi. Akanisimamisha.

"Hawakumuuliza alijua lini?"

Unajua jinsi alivyo. Anasahau kama amekula, lakini swali halimponyoki.

Nikasema, "Walimuuliza."

"Akasema?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, jibu lako liko pale, kwa mwandiko wako. Nikasema, "Alisema alijua tangu mwezi wa tatu, na kwamba alikosea kunyamaza."

"Alisema hivyo mbele za watu?"

"Mbele za watu, Baba."

Akainuka akaenda ndani. Nikasikia maji. Alikuwa ananyoa ndevu. Ana wiki tatu hajanyoa, nilikuwa nimemwomba mpaka nikachoka. Akatoka na povu sikioni akaniambia, "Basi sikupoteza yote."

Miezi hii yote namsahihisha mtu daftari lake, na sasa nimemwandikia ndege ambaye hakuwepo. Kesho anaweza kusahau. Anaweza pia kukumbuka mpaka mwisho. Sikuombi kitu. Nimekuambia ili ujue ninachobeba, na kwamba ni kizito.

Dada yako

*

Mei 12

Dada yangu,

Barua yako niliipata Ijumaa. Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini kwa mwenyekiti wa kamati bila miadi, nikakaa kwenye benchi pamoja na watu wa vibali mpaka saa sita na nusu. Aliponiita nilimpa barua yako ya Machi ishirini na tano. Nikamwambia, hii niliipata kabla ya kikao, na nilipokujibu "leo" nilikuwa nayo mfukoni.

Hakunigombeza. Alichukua kalamu akaniambia nirudie polepole. Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Halafu akauliza, "Baba yako bado anakwenda mabwawani?" Nikamwambia sijui. Na kweli sijui, Dada, nilikuwa sijauliza.

Kutoka pale nilikwenda kwa mkuu. Huko ndiko kulikokuwa na kelele. Usimamizi umeondoka, na kazi imeondoka nayo, kuanzia mwisho wa mwezi. Amesema nimekiaibisha chama mara mbili, na siwezi kubishana naye. Bwawa kubwa sijui litakuwaje. Kampuni wanaweza kulitumia hili. Nesi mwambie aendelee kuandika, daftari lake huenda ndilo litakaloaminika sasa.

Nafika Jumamosi na basi la mchana. Nitahitaji kitanda na mtu wa kunifundisha kazi za nyumba ile upya: dawa zake saa ngapi, viatu vyake wapi, unamjibu nini akiuliza. Umebeba peke yako vya kutosha.

Na kuhusu ulichomwambia Baba, usikirudie wala usikirekebishe. Hukumdanganya. Uliwahi tu siku chache.

Mdogo wako